Sista na Saa Kumi

"Mtu amekaa siku saba bila kula. Ukampa sahani ya ugali, akala, akafa. Kilichomuua ni njaa au ni ugali?"

Sista aliniuliza hivyo siku ya tatu ya msiba wa baba yangu, uani kwetu Mbagala, akiwa ameinamia beseni la vyombo na mikono imejaa povu. Mimi ndiye niliyeanza. Nilikwenda nikasimama mbele yake, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakimenya vitunguu, nikamwuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye turubai la wanaume: "Mlimfanya nini baba yangu?" Nilitegemea alie, au akane. Yeye akanipa kitendawili cha njaa na ugali, kisha akachukua sahani nyingine akaendelea kusuuza.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Nilikuwa nimezoea kuuliza, si kuulizwa. Wahadhiri walinijua kwa mkono ambao haukushuka darasani. Siku ile nilikosa jibu, na mtu akikosa jibu mbele ya watu hutafuta kitu kingine cha kushika. Mimi nilishika kiapo: mwanamke huyu nitamwangusha.

Nikamwangusha. Nitaeleza nilivyofanya. Lakini kwanza nimweleze yeye, na sidhani kama yupo anayeweza kunizidi kwa hilo. Mtu uliyemchukia miaka mingi unamjua kuliko ndugu zake.

Mtaani kwetu kila muuguzi huitwa sista, lakini ukisema Sista tu, bila jina nyuma yake, watu walijua ni yupi. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na mwendo wake ulisikika kabla hajaonekana, kwa sababu alitua visigino kama mtu anayepima udongo. Viatu vyake vyeupe alivipaka chaki. Kifuani alibandika saa ndogo iliyoning'inia kichwa chini, ili asomaye awe yeye peke yake. Nilipokuwa mtoto niliichukia saa ile. Niliona ni ubinafsi, mtu kutembea na saa ambayo wengine hawawezi kuisoma.

Watoto wote wa mtaa walidungwa sindano naye. Hakubembeleza. Hakusema "haiumi." Alisema, "Itauma, kisha itaacha," na ikawa hivyo. Mama zetu walimpenda kwa hilo. Sisi tulimkimbia.

Kitu kimoja hakukivumilia: uongo. Nilipokuwa darasa la tatu niliugua malaria, na kila asubuhi alipita kunipa vidonge kabla ya kwenda kazini. Nilivificha chini ya ulimi, akiondoka navitema kwenye kopo la maua ya mama. Siku ya tatu homa haijashuka. Sista alinitazama, akatazama kopo, akanipa kijiko.

"Chimba."

Nikachimba. Vidonge vitatu, vimevimba kwa maji, vimeshika udongo. Akaviweka kwenye kiganja changu.

"Malaria ni ugonjwa wa pili," akasema. "Wa kwanza ni huu wa kudanganya. Huu sina dawa yake."

Mama akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nina kumbukumbu nzuri kwa mambo ya namna hiyo.

Na huyu aliyejua kila kitu kuhusu mwili alikuwa na presha, na alikula embe bichi kwa chumvi na pilipili kila jioni kibarazani kwake, hadharani. Ukimwambia, "Sista, si ulitukataza chumvi?" alijibu, "Niliwakataza nyie. Mie nimeshajikataza nikashindwa." Aliingia msibani na kabla ya kutoa pole aliuliza marehemu alikuwa anameza dawa zake au aliacha. Alikuwa mwimbaji mbaya katika kwaya nzuri. Alipenda kusema "moyo hauna mjomba", akimaanisha kwamba moyo ukichoka haukopeshi mtu siku kwa kumjua. Neno hilo alimwambia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, alimwambia muuza chipsi, alimwambia hata mchungaji katikati ya harambee.

Baba alimpenda kwa ubishi. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mstaafu, Mpare asiyekubali jambo mpaka aone njia ya kulifikia. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Jioni moja, Sista alipokuwa ametoka kwenye mafunzo ya idara mpya ya moyo hospitalini kwake, alikaa kibarazani kwetu akamtega.

"Mwalimu, mshipa wa moyo ukiziba, moyo unakufa. Ukizibuliwa, unapona. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Si kweli! Yaani ni nusu. Damu ikirudi nayo inaumiza. Moyo ulishazoea njaa, mara damu inaingia kwa kishindo. Sehemu ambayo ingepona inakufa wakati ule ule wa kuokolewa."

Baba akafikiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Akanyoosha kidole kuelekea ndani, kwenye friji tuliyokuwa tumeichomoa ukutani kama ilivyo desturi ya kila nyumba Dar.

"Kama umeme. Ukikatika hauunguzi friji. Unaunguza ukirudi."

"Hapo hapo, Mwalimu!"

"Kwa hiyo mnatafuta gadi ya friji, ile ya kukinga umeme wa kishindo. Ya kuweka moyoni."

Sista alicheka akapiga goti lake. Toka siku hiyo utafiti wote ule baba aliuita gadi. Sista akatueleza yaliyokwisha kujaribiwa huko duniani. Wapo waliopoza mwili mzima wa mgonjwa kwa maji ya chumvi yenye baridi kabla ya kuzibua. Wapo waliotoa dawa wanazopewa watu waliopandikizwa figo. Wapo waliozibua mshipa kidogo, wakaubana, wakazibua tena, ili damu irudi kwa adabu. Na wapo waliouacha moyo kabisa wakaenda kwenye mkono: unafunga mkanda wa presha, unaubana mpaka mkono ukose damu dakika tano, unaulegeza dakika tano, mara nne. Mkono ukishateseka hupeleka habari moyoni kwamba jiandae, balaa linakuja. Habari inapita njia gani hasa, alisema, bado wanabishana.

"Na inafanya kazi?" nikauliza. Nilikuwa kidato cha sita, lakini swali langu lilikuwa ni lile lile la siku zote.

"Kwa panya, msomi, inafanya. Panya karibu wote wamepona." Akachovya kipande cha embe kwenye chumvi. "Tatizo Mungu hakutuumba panya."

Msomi. Aliniita hivyo kabla sijasoma chochote, na aliendelea kuniita hivyo nilipokwisha kusoma. Sikujua kama ananisifu au ananicheka.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Baba aliamka alfajiri, saa kumi. Najua ni saa kumi kwa sababu aligonga mlango wangu na mimi nikatazama simu nikaona 04:00, namba nzima, haina hata dakika ya ziada. Alikuwa ameshika kifua chini kidogo, karibu na tumbo. Alisema panaungua. Mama alikuwa nyuma yake, kanga moja, anasema twende hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Niliwasha simu nikasoma, nikauliza maswali manne au matano, nikaamua ni vidonda vya tumbo. Jioni alikuwa amekula maharage. Nilimpa vidonge vya kupunguza asidi na glasi ya maziwa baridi. Alipata nafuu kidogo. Saa mbili asubuhi nikampa mengine. Mama alisema tena twende, nikamwambia, "Mama, hospitali wataandika vipimo kumi kwa ajili ya gesi." Saa tisa mchana baba alitapika, akatoka jasho la baridi lililolowanisha fulana, na ndipo tukaita gari.

Ndiyo, nilimpa maziwa. Nimeliandika, na sitalirudia.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Sista alikuwa zamu. Hospitali yao nayo ilikuwa imeanza kuujaribu ule mkanda wa mkononi, na yeye ndiye aliyekuwa muuguzi wa utafiti huo. Mimi nilibaki dirishani kuandikisha jina la baba. Mama aliingia na kitanda. Nilipowafuata ndani, kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa kimeshapigwa, daktari ameshasema ni mshipa, na Sista alikuwa amesimama na fomu ya ridhaa, anamsomea baba. Alifika mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa atapangwa kwa bahati nasibu, ama mkanda unaobana kweli ama mkanda unaojazwa upepo kidogo tu usiobana.

Baba, anayekufa, akafumbua macho.

"Bahati nasibu? Tangu nizaliwe sijacheza."

"Hii hununui tiketi, Mwalimu."

"Ni kamari?"

"Ni kura. Kama ile ya mitume walipotafuta wa kumi na mbili."

"Hapo sawa," baba akasema, akatia sahihi yake ndefu ya kwenye vyeti.

Nilisimama pale nikachukia kila kitu. Nilichukia lile neno bahati nasibu, kwamba kuna mtu ofisini alitafsiri fomu akaona linafaa. Nilichukia wazo la mkanda wa uongo. Nilimwuliza Sista, "Kwa hiyo mnaweza kumfunga mkanda usiofanya kitu, mkimtazama?" Akajibu, "Hata unaobana hatujui kama unafanya kitu, msomi. Ndiyo maana tunauliza." Bahasha ilipofunguliwa, baba alipata mkanda unaobana. Wakaubana hapo hapo, wakati chumba kikiandaliwa. Kisha wakampeleka kuzibua mshipa.

Waliuzibua. Damu ikarudi. Na moyo, nilivyoelezwa, ukaanza kutetemeka hovyo mezani pale pale, wakaushtua kwa umeme mara mbili ukatulia. Baba aliishi siku tisa. Siku ya tano aliweza kukaa. Aliniambia, "Maziwa yako yalikuwa baridi vizuri," nami sikujua niweke wapi uso wangu. Siku ya tisa moyo ulisimama.

Siku ya msiba nilipokosa jibu la njaa na ugali, nilikuwa tayari nimeshachagua. Ni ugali. Lazima iwe ugali. Ikiwa ni njaa, basi kuna aliyemshindisha na njaa masaa kumi na matatu, na huyo alikuwa na simu mkononi na jibu kwa kila kitu.

Mwezi mmoja baadaye niliomba nakala za karatasi za baba. Kisheria ni haki ya familia, na mimi sheria za haki zangu nilizijua. Walichelewa, nikaandika barua. Wakachelewa tena, nikaandika nyingine na nakala kwa watu watatu. Zilipofika, nilizisoma juu ya kitanda changu, na katika karatasi ya pili nikaiona, kwa mwandiko wa Sista, mwandiko wa kulala kushoto niliokuwa nauona kwenye kadi za chanjo za mtaa mzima:

Maumivu yalianza: 10:00.

Nilifurahi. Naandika neno hilo bila kulipamba. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Saa kumi si 10:00. Saa kumi ya alfajiri ni 04:00. Kila mtoto wa Kitanzania anajifunza kujumlisha sita na kutoa sita kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na bado watu wazima wanakosa ndege, wanakosa usaili, kwa ajili ya saa sita hizo. Mama alisema kumi, yule mwanamke akaandika kumi. Na kosa hilo halikuwa dogo. Chumba cha kuzibulia kilikuwa na utaratibu wake: ukizidisha masaa kumi na mawili tangu maumivu yaanze, mgonjwa haingizwi chumbani, atapewa dawa wodini, kwa sababu moyo umeshakaa na njaa mno na damu ikirudi huenda ikabomoa kuliko kujenga. Utafiti nao ulifuata mpaka huo huo. Kwa hesabu ya kweli baba alikuwa na masaa kumi na matatu. Kwa hesabu ya Sista alikuwa na saba.

Niliandika malalamiko kurasa nne. Nilimpelekea kila aliyestahili kupelekewa. Sikutia tusi hata moja, kwa sababu nilijua barua yenye tusi huwekwa pembeni. Nilieleza tofauti ya saa za Kiswahili na za Kizungu kama ninayemfundisha mgeni, na nilifanya hivyo makusudi, ili yeyote atakayesoma aone kosa lilivyo la kitoto.

Kikao kiliitwa. Mama alikataa kuja, alisema mguu unamuuma. Nilikwenda peke yangu na gauni la kanisani.

Walikuwa watano mezani. Sista aliketi pembeni, viatu vimepakwa chaki, saa yake imening'inia kifuani. Mzee mmoja mwenye miwani alimwonyesha karatasi.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Wangu."

"Uliambiwa maumivu yalianza saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Ukaandika saa kumi hivi, kumi, nukta mbili, sifuri sifuri."

"Ndiyo."

"Sista. Miaka yote hii kazini."

"Nilikosea."

"Hili ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza."

"Nilikosea, Mzee."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuja na majibu ya kila utetezi: kwamba tulichelewa kumleta, kwamba mtoto wa nyumbani alimpa maziwa. Nilikesha siku mbili nikiyanoa. Hakugusa hata moja. Hakunitazama. Alisema "nilikosea" mara mbili, kwa sauti ile ile ya "itauma, kisha itaacha," na kikao kikaisha kabla ya chai.

Aliondolewa kwenye utafiti, akapewa onyo la maandishi, na kwa kuwa alibakiza miezi michache kustaafu, akashauriwa achukue likizo yake yote aishie hapo. Hakuagwa. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshapanga sherehe, na sare zilikuwa zimeshashonwa, kitenge cha kijani chenye picha za mabakuli ya njano. Sherehe ikafa, vitenge vikabaki. Kwa mwaka mzima nilikutana na mabakuli yale sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Kila nilipoyaona nilihesabu: huyu mmoja, huyu naye, huyu naye. Nilijisikia kama mtu aliyesimika bendera.

Mama alivaa cha kwake hadi kikapauka. Tuligombana kwa hilo. Krismasi alimfungia Sista ndizi na nyama kwenye hotpoti, nikamwambia, "Unampelekea chakula aliyemuua mumeo?" Mama akafunga mfuniko.

"Mie namjua aliyeniulia mume," akasema. "Ni moyo. Moyo hauna mjomba."

"Hayo maneno ni ya nani, Mama?"

"Maneno hayana mwenyewe. Nipishe mlangoni."

Sista alihamia Bunju, kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo. Mimi nikahitimu, nikapata kazi, na maisha yana mzaha wake: kazi yangu ni kupitia fomu za ridhaa za tafiti, kuhakikisha Kiswahili chake kinaeleweka na mtu anayeumwa. Bahati nasibu nimeifuta mara nyingi sana. Naandika "kwa kura".

Ni kazini ndiko nilikopata majibu ya mkanda. Tafiti za namna ile zilikuwa zimefanyika sehemu nyingi, na ule wa kwetu ulipokamilika ulisema kama wenzake: waliobanwa kweli na waliobanwa kwa uongo, hapakuwa na tofauti ya kushikika. Gadi haikulinda friji. Niliprinti ukurasa ule. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bunju nao kwenye pochi. Sitadanganya nilikwenda kwa nini. Cheo nilikuwa nimemnyang'anya, sherehe nilikuwa nimemnyang'anya. Ilibaki kumnyang'anya ile imani yake kwamba alikuwa anafanya jambo la maana.

Nilimkuta kibarazani, nyumba haijapigwa plasta upande mmoja. Amezeeka, mabega yameshuka. Mbele yake meza, mashine ya presha, daftari la shule, na wazee wanne wa jirani kwenye benchi wakisubiri kupimwa bure. Bakuli la embe lilikuwa chini ya kiti, limefunikwa sahani.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba." Akainua uso. "Msomi. Foleni inaanzia kule."

Nilidhani anatania. Wazee wakasogea kunipa nafasi, nikakaa. Nilisubiri zamu yangu kama mjinga, na ukurasa wangu kwenye pochi. Mzee wa mwisho alipoondoka nikampa karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, hadi chini. Kisha akaikunja vizuri akaitia ndani ya daftari.

"Nilihisi," akasema. "Panya tu."

"Basi? Hayo tu?"

"Ulitaka nilie? Tuliuliza, tumejibiwa. Wanaokuja wasipoteze muda kwenye mkono, watafute kwingine. Lete huo mkono wako."

"Sijaja kupimwa."

"Umekaa foleni."

Akanifunga mkanda. Akaujaza upepo, ukabana, akaendelea kuujaza hadi vidole vikaanza kunichonyota. Hakuulegeza mara moja. Alinitazama.

"Baba yako alivumilia hivi dakika tano, mara nne. Unajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa ananiimbisha jedwali la kumi na tatu. Kumi na tatu mara saba, Sista? Nikikosea ananirudisha mwanzo. Na kifua kinamuuma." Akaulegeza. Damu ikarudi mkononi kwa joto na sindano sindano. "Presha yako iko juu. Punguza hasira."

"Kwa nini uliandika kumi?" nikamwuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza mwenyewe. Kwenye kikao waliuliza wengine.

"Nilikosea."

"Sista."

"Nilikosea, msomi. Ulishinda. Umekuja mbali, kula embe."

Akavuta daftari, akaandika jina langu kwenye mstari, presha yangu, na saa. Nilisoma kichwa chini, jambo nililokuwa nashindwa kwa ile saa ya kifuani. Aliandika: saa 5 asubuhi, 11:00. Nikapandisha macho. Mistari yote juu ya wangu ilikuwa hivyo. Saa 3 asubuhi, 9:00. Saa 4 asubuhi, 10:00. Nikafunua ukurasa wa nyuma bila kuomba ruhusa. Kila mgonjwa, kila siku, saa imeandikwa mara mbili.

"Tangu lini unaandika hivi?"

"Tangu chuo. Wanangu wote wa wodini niliwafundisha hivi. Asiyeandika mbili namrudishia faili." Akalivuta daftari lake. "Msalimie mama yako."

Sikula embe. Nilirudi Mbagala, nikazitoa karatasi za baba ambazo nilikuwa nimezisoma mara mia. Zote nne zilikuwa na mwandiko wake. Alipoingia: saa 11 jioni, 17:00. Mkanda: saa 11 na robo, 17:15. Kuingia chumba cha kuzibulia: saa 12 na nusu, 18:30. Mstari mmoja tu, ule wa maumivu, saa yake iliandikwa mara moja. Nilikuwa nimeutazama mstari ule miaka yote bila kuitazama mingine.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Niliweka karatasi juu ya ungo wake.

Hakujifanya haelewi. Alitoa karatasi, akaendelea kutafuta mawe, na alizungumza bila kuniangalia.

"Ulikuwa dirishani unaandikisha. Aliniuliza saa ngapi, nikamwambia kumi. Akaniuliza, ya alfajiri? Nikamwambia ya alfajiri. Akaniuliza tena, Mama, una hakika ni alfajiri? Nikamwambia nina hakika, mwanangu aliangalia simu. Akasema, nikiandika hivyo hawamwingizi. Nikamwambia, basi fanya unavyojua wewe. Akaniambia, ukiulizwa hujui kitu, mie nitasema nimekosea, kukosea wananionya tu, kudanganya wananifunga."

"Ukaniacha nikampeleka kule."

"Ungeacha? Na nikisema, si ndiyo afungwe?" Akapuliza makapi. "Na wewe ungebaki na nani wa kumchukia?"

Sijui kama nimemsamehe Sista. Inawezekana uongo ule ndio uliomwua baba mezani. Inawezekana ndio uliompa zile siku tisa. Nimesoma yote yaliyoandikwa na siwezi kujua, na nina hasira iliyokosa anwani, inayozunguka nyumba usiku na mchana na kunirudia mimi. Ninachokijua ni kile alichomalizia mama, ungo umetulia mapajani, mkono wake umeinuka kunionyesha: kwamba Sista aliigeuza ile saa ya kifuani, akahesabu kwa vidole kuanzia alfajiri, moja moja, hadi kumi na tatu, kisha akashika kalamu akaandika kumi.